Nafuu Iliyo Nyuma ya Lori

Bei ya petroli ilipopanda mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, hata ikavuka shilingi 3,000 kwa lita moja, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kuwapunguzia wananchi makali yake. Katika kipindi kama hicho si ajabu kwamba kila mwenye gari, na kila aliyekabidhiwa gari la umma, hutafuta namna ya kuifanya lita moja imfikishe mbali zaidi. Namna nyingine ni za busara. Nyingine ni za hatari, na mojawapo ya zile za hatari husifiwa waziwazi katika maegesho ya ofisi na vituo vya mafuta: kulifuata lori kubwa kwa karibu ili lori likate upepo, na gari dogo lipite katika kivuli chake.

Namna yenyewe ni rahisi kuieleza. Dereva anayetoka Chalinze kwenda Morogoro hulichagua lori lenye tela refu la sanduku, lisilo na haraka wala uvivu, akalisogelea mpaka ayasome maandishi madogo yaliyo juu ya mlango wa nyuma, kisha akalegeza mguu. Gari huanza kwenda kama linalovutwa kwa kamba. Akifika aendako huutazama mshale wa mafuta, huona umeshuka kidogo kuliko kawaida, na kesho yake huwasimulia wenzake.

Wako watu wanaoipinga tabia hiyo kwa kusema kwamba nafuu hiyo haipo, kwamba ni ndoto za madereva tu. Hao wana nia njema, lakini wanakosea, na kosa lao lina madhara. Dereva aliyejipimia mwenyewe kwa tangi lake hatalisikiliza onyo linaloanza kwa kukanusha kile alichokiona. Nafuu ipo. Linalotakiwa ni kujua inatoka wapi, ni ya kiasi gani, na hulipiwa kwa kitu gani.

Gari linapokwenda kasi, kazi kubwa ya injini ni kuisukuma hewa. Katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, nusu hivi ya nguvu inayolisukuma gari, na pengine zaidi ya nusu, huishia katika kupambana na upepo ambao gari limejitengenezea lenyewe. Lori kubwa hupita katika hewa kama mtu anayepita katika majani marefu: huacha njia nyuma yake. Pale nyuma ya tela hewa huwa imevurugika, kani yake imepungua, na sehemu yake hulifuata lori kule linakokwenda. Gari dogo linaloingia humo hukuta hewa iliyokwisha kusukumwa na mwingine.

Waendesha baiskeli wa mashindano wanalijua jambo hili kwa miguu yao. Tarehe 30 Juni 1899 Mmarekani Charles Murphy aliendesha baiskeli maili moja, yaani kilomita 1.6, kwa sekunde 57.8 nyuma ya treni huko Long Island, New York, juu ya mbao zilizotandikwa kati ya reli. Hakuwa na mapafu ya ajabu. Alikuwa na behewa mbele yake. Mbio zilipomalizika ilibidi watu waliokuwa ndani ya behewa wamkamate na kumpandisha pamoja na baiskeli yake.

Kuhusu kiasi cha nafuu, vipimo vinavyotajwa sana ni vile vya kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho MythBusters, vilivyofanywa mwaka 2007 katika mwendo wa kilomita 88 kwa saa. Gari lililokuwa mita 30 nyuma ya lori lilitumia mafuta pungufu kwa asilimia 11. Lilipokaribia hadi mita 3, upungufu ulifika asilimia 39. Lilipobakiza nusu mita au zaidi kidogo, nafuu ilishuka mpaka asilimia 28, kwa sababu dereva hakuacha kukanyaga na kuachia pedali ya mafuta ili asiligonge lori. Hicho kilikuwa kipindi cha burudani, si maabara ya chuo kikuu. Hata hivyo mwelekeo wa tarakimu zake unakubaliana na kile ambacho mwalimu yeyote wa fizikia angekitazamia.

Tarakimu hizo ndizo zinazowapoteza watu. Msikilizaji akisikia asilimia 39 hasikii tena zile mita 3. Basi na mita hizo zihesabiwe. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Mita 3 humalizwa kwa sehemu ya saba ya sekunde, muda wa kupepesa jicho. Dereva mwenye afya, aliye macho, asiyeongea na simu, huhitaji sekunde moja na nusu hivi tangu aone jambo mpaka mguu wake uikanyage breki, na katika muda huo gari huwa limekwisha kupita mita 33. Kwa hiyo hata yule anayejiona mwangalifu, aliyekaa mita 30 nyuma na kuridhika na asilimia 11, amekaa ndani ya umbali ambao mwili wake hauwezi kuutumia kwa lolote.

Dereva mzoefu ana jibu. Husema kwamba lori ni zito, kwamba breki zake za upepo huchelewa kushika, na kwamba gari dogo likifunga breki husimama upesi kuliko lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa katika barabara za Afrika Mashariki. Yote hayo ni kweli. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba lori husimama kwa breki peke yake. Lori linaweza kusimamishwa na lori jingine lililolala katikati ya barabara. Linaweza pia lisisimame kabisa: huinuliwa na magurudumu yake makubwa juu ya jiwe, au hukwepa dakika ya mwisho, na kile lilichokikwepa kikabaki mbele ya boneti ya gari dogo ambalo dereva wake hakuwa na habari nacho.

Kila asafiriye katika barabara kuu ya kwenda Tunduma anayajua matawi ya miti yanayotandazwa barabarani lori linapoharibika. Matawi hayo huwekwa mbali kidogo ili mtu apunguze mwendo mapema. Ni onyo la kienyeji na limeokoa wengi. Aliye mita 3 nyuma ya tela hayaoni matawi hayo mpaka yametoka chini ya magurudumu ya lori, na hapo yamekuwa takataka tu. Hali ni hiyohiyo katika kilomita 50 za barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi. Dereva wa lori humwona twiga kutoka juu ya kabini yake. Anayemfuata huona bati.

Wala dereva wa lori hawezi kumsaidia mtu asiyemwona. Vioo vyake huonyesha ubavu wa tela na barabara iliyo nyuma kwa mbali, lakini kipande kilicho nyuma ya mlango wa tela hakimo ndani ya kioo chochote. Kuna kanuni rahisi inayostahili kufundishwa: usipoviona vioo vya lori, dereva wake hakuoni wewe. Mtu anaweza kuwa amefuatwa kutoka Mlandizi mpaka Chalinze na gari ambalo hajui kwamba lipo.

Kuhusu mgongano wenyewe, umbo la tela ni balaa. Sakafu ya tela ipo juu kuliko boneti ya gari dogo. Magari mawili madogo yakigongana, bampa hukutana na bampa, chuma hujikunja, na watu walio ndani hupata nafasi ya kupona. Gari dogo likiligonga tela kwa nyuma, boneti hupita chini, na kinachokutana na ukingo wa tela ni kioo cha mbele, kwenye usawa wa vichwa. Hivyo ndivyo alivyokufa mwigizaji wa filamu Jayne Mansfield karibu na New Orleans, Marekani, tarehe 29 Juni 1967. Baada ya kifo chake kile chuma cha kuzuia gari lisiingie chini ya tela kiliitwa kwa jina lake, lakini ilipita miaka 30 nzima kabla kanuni madhubuti ya Marekani kuhusu chuma hicho haijaanza kutumika kwa matela mapya mwaka 1998. Dereva anayependa kulifuata lori na atazame nyuma ya matela yanayopita mbele yake: mangapi yana chuma hicho, na katika hayo ni mangapi ambayo chuma chake hakijapinda wala kushikwa kwa waya.

Halafu kuna mzigo. Malori mengi ya barabara hiyo hubeba petroli na dizeli kwenda Zambia, Kongo na mikoa ya bara. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, na kulipuka. Watu wapatao 100 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli iliyokuwa ikimwagika. Ajali hiyo ilikuwa na sababu zake, na kufuatana kwa karibu hakukuwa mojawapo. Lakini imewaachia watumiaji wa barabara hiyo kipimo cha kile kilichomo ndani ya tangi moja.

Yamkini jambo lililo baya kuliko yote ni lile linalokuja baada ya kufuata, yaani kupita. Barabara kuu nyingi nchini zina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Aliyejificha nyuma ya lori, akichoka na mwendo wake, hana budi kuchungulia. Na kwa kuwa yuko karibu mno, hawezi kuona mbele mpaka nusu ya gari lake imekwisha kuingia katika njia ya wanaokuja. Papo hapo hutoka katika kivuli na kupigwa na upepo wote kwa mara moja, na gari likapoteza kasi wakati hasa anapoihitaji. Wako madereva wa malori wenye uungwana wa kumwashia taa anayewafuata ili kumjulisha kwamba njia ni nyeupe. Uungwana huo hutegemea kwamba anayefuata ameonekana, na kwamba taa moja haitafahamika kwa maana mbili.

Lipo pia suala ambalo wasifiaji wa njia hii hawajalitafakari. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeyawekea magari mazito kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Anayelifuata lori linalotii sheria naye huenda 80. Siku nyingine, barabara ikiwa wazi, dereva huyohuyo huenda 110 au zaidi. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Mwendo ukishuka kutoka 110 hadi 80, nguvu ya upepo hupungua karibu nusu. Nafuu inayotokana na hilo peke yake ni kubwa kuliko ile asilimia 11 ya mita 30, na hupatikana hata kama hakuna lori lolote barabarani kutoka Kibaha mpaka Iringa. Mshale wa mafuta uliomfurahisha dereva yule ulishuka taratibu zaidi kwa sababu alikwenda polepole. Amelishukuru tela kwa zawadi aliyopewa na spidometa.

Kwa upande mwingine, pale ambapo lori huenda taratibu sana, kivuli chake hakina thamani yoyote. Katika mlima wa Kitonga malori hupanda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa au pungufu. Katika mwendo huo upepo ni sehemu moja tu ya kumi na sita ya ule wa kilomita 80. Hakuna cha kuokoa hapo ila moshi wa kuvuta.

Hesabu ya shilingi nayo ifanywe. Dar es Salaam na Morogoro ni kilomita 190 hivi. Gari dogo linalotumia lita 8 kwa kilomita 100 huhitaji lita 15 na kidogo. Asilimia 11 yake haifiki lita 2. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa lita ni kama shilingi 5,000. Asilimia 39 ni karibu lita 6, shilingi 18,000, lakini kuzipata kungemtaka mtu akae mita 3 nyuma ya tela kwa zaidi ya saa mbili bila kupepesa. Na barabara hiyo si kilomita 190 za wazi. Ina Kibaha, Mlandizi na Chalinze, ina vijiji vyenye kikomo cha kilomita 50, ina matuta, na ina magari yanayosimama ghafla kushusha abiria. Kila lori linapopunguza mwendo na kuanza upya, nafuu iliyokusanywa huliwa.

Hapo ndipo matajiri wa viwanda vya magari walipokwama wao wenyewe. Tangu miaka ya 1990 wahandisi wamejaribu kuyafanya magari yafuatane kwa karibu bila kutegemea macho ya binadamu. Mwaka 1997 huko San Diego, California, magari madogo 8 yalikwenda kwa msafara yakiachana mita 6 na nusu, yakiongozwa na rada, redio na sumaku zilizozikwa barabarani. Mwaka 2012 huko Hispania lori moja la Volvo liliongoza magari madogo kwa kilomita 200 katika barabara ya kawaida. Katika majaribio ya malori mawili yaliyofanywa Utah mwaka 2013, lori la nyuma liliokoa asilimia 10 na la mbele, kwa ajabu ya wengi, asilimia 4.5, kwa kuwa hewa iliyo nyuma yake hupungua kulivuta. Mwaka 2016 watengenezaji 6 wa Ulaya walipeleka misafara yao hadi Rotterdam. Lakini mwezi Januari 2019 kampuni ya Daimler ilitangaza kuiacha kazi hiyo, ikieleza kwamba nafuu ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na kwamba kila msafara ulipokatika, malori yalichoma mafuta ili kukutana tena. Rada haisinzii wala haipokei simu, na breki za malori yale zilishikana kwa redio kwa wakati mmoja. Hata hivyo faida haikutosha.

Nchi zilipobanwa kweli na uhaba wa mafuta zilifanya jambo jingine. Mwezi Januari 1974, baada ya bei ya mafuta kupandishwa, Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88, kwa barabara zake zote kuu. Nchini Tanzania watumishi wastaafu wanakumbuka miaka ambayo magari ya binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili mchana. Na wahandisi waliotaka kupunguza upepo wa malori walianza na lori lenyewe. Edwin Saltzman, mhandisi wa shirika la anga la Marekani, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli mwaka 1973 aliposikia malori yakimsukuma na kumvuta yanapompita. Kutokana na hilo yalianza majaribio ya kuviringisha kona za malori. Yale mabati yaliyopinda juu ya kabini za malori yanayoonekana leo hata bandarini Dar es Salaam ni jamaa wa kazi hiyo.

Kwa watumishi wa umma jambo hili lina sura yake ya pekee. Gari la ofisi hupewa lita za safari kwa hesabu ya kilomita. Dereva anayerudi na mafuta yaliyobaki huonekana hodari, na kama mafuta hayo hayarudi ofisini, hishima ya uhodari hugeuka kuwa posho isiyoandikwa. Vyovyote iwavyo, dereva huyo ana sababu ya kulikaribia tela. Nyuma yake ameketi ofisa mwenye jalada magotini, ambaye huliona tela likijaa kwenye kioo cha mbele na hasemi neno, ama kwa kuwa hataki kumfundisha mtu kazi yake, ama kwa kuwa amechelewa. Ukimya huo ni amri. Katika safari ya kikazi mkubwa ndiye mwenye gari, na neno moja la "Ndugu, mwachie nafasi" halimvunjii dereva hishima. Walimu wanaosafiri kwa gari la shule na wanafunzi nyuma wana wajibu mzito zaidi, na wana pia ubao darasani: mfano wa kipeo cha pili cha mwendo haupatikani ulio karibu zaidi na maisha ya mwanafunzi kuliko barabara inayopita mbele ya shule yake.

Kuchelewa kwenyewe mara nyingi huanzia mezani. Dar es Salaam mpaka Dodoma ni kilomita 450 hivi, karibu saa 6 kwa mwendo wa kilomita 80 usiokatizwa, na safari haikosi kukatizwa. Barua ya wito inayofika jana kwa mkutano wa leo saa nne asubuhi imekwisha kuamua gari litakwenda namna gani kabla dereva hajawasha injini. Kwa safari hiyo hasa, tangu mwaka 2024 ipo treni ya umeme. Mabehewa yake hufuatana kwa umbali ambao hakuna dereva wa gari awezaye kuuthubutu, yote yakitumia upepo uliokatwa na kichwa kimoja, na hayagongani kwa kuwa yamefungwa pamoja. Kwa wilaya ambazo reli hiyo haijafika, kibali cha safari kiandikwe siku moja zaidi, na lita zipimwe kwa mwendo wa kilomita 80.